Desemba hii tunafungua kijiji chetu kwenye kivinjari

Tumepanga kufungua Desemba, wiki ile ambayo mabasi ya kutoka Dar yanaanza kuingia Moshi yakiwa yamejaa watu wanaopanda kuja nyumbani kwa Krismasi. Ni mchezo wa mtandaoni wa watu wengi, unaochezwa ndani ya kivinjari peke yake. Hakuna cha kupakua wala cha kusakinisha. Ndugu yako anakutumia kiungo kwenye WhatsApp, unakibonyeza, unapiga hodi, unakaribishwa, basi uko kijijini. Tunaoutengeneza tuko watatu: mimi hapa Pasua mjini Moshi, mwenzangu wa mambo ya seva anayekaa Ngaramtoni kule Arusha, na mdogo wangu wa kike ambaye amechora kila mnachokiona, kuanzia mgomba hadi moshi unaotoka jikoni. Tangu tuwaonyeshe watu wachache, maswali yamekuwa mengi, na majibu yangu ya haraka haraka hayatoshi. Leo nimekaa niandike kwa kirefu.

Kijiji kiko kwenye mteremko wa mlima. Juu msitu, chini tambarare. Kaya hazizidi 30, na kila mchezaji anapewa kihamba kimoja, yaani shamba la nyumbani: migomba, kahawa chini yake, magimbi kwenye unyevu, miti mikubwa ya kivuli juu ya vyote, na masale yamepandwa mpakani. Aliyekulia Kibosho, Uru au Marangu hahitaji maelezo zaidi ya hapo. Maji yanatoka mtoni huko juu, kwenye banio yanapozuiwa, yanashuka kwa mfongo, na mfongo unapita kwa jirani kabla haujafika kwako. Unafungua mlango wa maji zamu yako ikifika, unaufunga ikiisha, na aliye chini yako anaanza kumwagilia. Mchezo wenyewe ndio huo. Hakuna zimwi, hakuna bunduki, hakuna jedwali la mshindi wa wiki.

Kwa wasomaji wasio wa Kilimanjaro: mfongo ni mfereji wa kumwagilia, uliochimbwa kwa mikono kufuata mteremko, wakati mwingine kilomita kadhaa kutoka kwenye korongo la mto mpaka kwenye mashamba. Wageni wa Kizungu waliofika mlimani karne ya 19 waliikuta mifongo tayari inafanya kazi, na wakaiandika kwa mshangao. Mwingine unatiririka hadi leo. Kinachonivutia zaidi ya mfereji ni utaratibu wake. Kuna msimamizi, kuna zamu, kuna siku ya msaragambo ambapo kila kaya inatoa mtu wa kuzibua matope na majani, na asiyetokea anatozwa. Utaratibu huu ulikuwa unawaweka pamoja watu ambao pengine hawapendani hata kidogo, kwa sababu maji ya mmoja yanapita kwa mwenzake.

Nilimfuata mzee mmoja Kibosho aliyewahi kusimamia mfongo, nikamwonyesha mchezo kwenye simu. Aliutazama muda mrefu, akakibonyeza kile kilango cha maji, akacheka kidogo maji yalipoanza kutembea. Halafu akauliza swali moja.

"Sasa humu ndani, mtu akilala zamu yake ikampita, inakuwaje?"

"Bado hatujaamua, babu. Ninyi mlikuwa mnafanyaje?"

"Jirani anakugongea. Usipoamka anakufungulia yeye, aangalie mpaka shamba lishibe, afunge. Siku nyingine na yeye ana safari, unamrudishia. Mbona ni jambo dogo."

Halikuwa dogo. Niliporudi mjini nilimpigia mwenzangu wa Ngaramtoni tukakaa kwenye simu mpaka bando langu likaisha, na sheria hiyo ya babu sasa ndiyo moyo wa mchezo mzima. Ukiwa kazini, ukiwa kwenye msiba, ukiwa umechoka tu, jirani anaweza kukufungulia maji. Wewe ukirudi unakuta ujumbe: fulani amekumwagilia. Hakuna alama anazopata kwa kufanya hivyo. Mdogo wangu aliuliza kama tumpe hata nyota moja, nikakataa, maana ukishaweka nyota, watu watamwagilia nyota.

Hapa niseme kwa nini nimelishikilia jambo hili. Ukoo wetu una grupu la WhatsApp kama koo nyingine zote. Nimelipitia kurudi nyuma: misiba, michango, kadi za harusi, na salamu za asubuhi zenye picha za maua. Watu wanapendana humo, hilo sina shaka nalo, ila wakikutana hawana la kufanya pamoja. Shangazi yuko Mwanza, kaka yuko Tabata, binamu yuko Uholanzi. Tukikutana nyumbani Desemba wala hatukai kwenye duara tukaulizana habari. Mmoja anamenya ndizi za mtori, mwingine anakoka moto, mwingine ametumwa chumvi dukani, na katikati ya kazi hizo maneno yanatoka yenyewe, hata yale mazito. Kuna mambo kaka yangu aliniambia tukiwa tunachambua majani ya ng'ombe ambayo asingeniambia kwa simu hata nimlipe. Nataka mahali pa namna hiyo ndani ya kivinjari. Pawe na kazi ndogo, na watu wako wawe karibu, na mtu asilazimike kuwa na la kusema.

Michezo ya kijamii ya kwenye kivinjari haikuanza leo, na nimeisoma kwa bidii kwa sababu karibu yote niliyoipenda imekufa. Nikiwa msichana nilikuwa namsaidia mjomba wangu kwenye kafe yake ya intaneti, na nakumbuka FarmVille, mchezo wa kulima shamba, ilivyowashika watu. Kampuni ya Zynga waliitoa Juni 2009 ndani ya Facebook. Walimu, makarani, mama mmoja wa duka la vitenge, walikuwa wanaingia jioni kulipia nusu saa ili wavune kabla mazao hayajanyauka. Niliupenda mchezo ule. Lakini jinsi ulivyomtumia jirani ilinisumbua hata wakati huo. Jirani alikuwa ngazi: unamtumia maombi, anakutumia msumari, unapanda daraja, na kama hana muda unamsumbua tena kesho. Na kile kunyauka kilikuwa adhabu ya kuwa na maisha mengine. Mtu aliyekwenda kumuuguza mamaye hospitali ya KCMC alirudi akakuta shamba limekauka, na hakuna aliyemshikia.

FarmVille ile ya kwanza ilizimwa tarehe 31 Desemba 2020. Siku hiyo hiyo kampuni ya Adobe waliacha kuihudumia Flash, teknolojia iliyokuwa imebeba karibu michezo yote ya kivinjari ya utoto wetu, na kuanzia tarehe 12 Januari 2021 maudhui ya Flash yakazuiwa kabisa kufunguka. Watu wengi hawakuona. Mimi niliona, maana nusu ya mambo yaliyonifanya nitake kazi hii yalipotea kwa mkupuo mmoja.

Mchezo ninaousoma kuliko wote unaitwa Glitch. Ulitengenezwa na kampuni ndogo ya Tiny Speck, ukafunguliwa Septemba 2011, ukafungwa Desemba 2012. Muda wake ulikuwa mfupi hivyo. Haukuwa wa kupigana. Watu walilima, walipika, walisaidiana kujenga barabara na miradi mikubwa ambayo mtu mmoja asingeiweza. Kampuni ilipoufunga, chombo walichokuwa wanakitumia wao kwa wao kuzungumza kazini ndicho kikageuka Slack, ambayo maofisi ya dunia nzima wanaitumia sasa. Kila mtu anausimulia huo mwisho mzuri wa kibiashara. Mimi nawafikiria wachezaji waliokuwa na nyumba zao mle ndani. Na kuna jambo moja walilofanya wale wenye mchezo ambalo nawaheshimu nalo: mwaka 2013 waliachia michoro mingi ya Glitch iwe mali ya umma, yeyote aichukue aitumie. Nitalirudia hili baadaye kidogo, maana tumeiga.

Kuhusu kivinjari. Mwenzangu alipendekeza mwanzoni tutengeneze programu ya Android ya kawaida, iwekwe dukani kwa Google, tumalize. Nilimpeleka kwa fundi simu ninayemfahamu Double Road, tukakaa pale mchana mmoja tunatazama simu zinazoletwa. Karibu kila simu imejaa. Picha za watoto, video za kwaya, masimulizi ya sauti ya kutoka kwenye magrupu, hakuna nafasi hata ya kupumua. Ukimwambia mama wa Mbuyuni apakue kitu kipya inabidi afute picha za mjukuu wake kwanza, na hatazifuta. Kiungo hakimwombi afute chochote. Pia kiungo kinapita palepale ukoo ulipo, ndani ya grupu, kati ya mchango na kadi ya harusi.

Zamani kivinjari kisingeweza kazi hii bila Flash au Java. RuneScape, mchezo wa mtandaoni ulioanza Januari 2001, ilikuwa inaendeshwa kwa Java. Ukurasa wa kawaida ulijengwa kuuliza na kujibiwa, basi. Seva haikuwa na namna ya kuanza kusema yenyewe. Ukitaka kujua kama jirani amefungua maji ilibidi kivinjari kiulize tena na tena, kama mtoto anayekuja jikoni kila dakika kuuliza kama ugali umeiva. Kanuni ya websoketi iliyochapishwa Desemba 2011 ilimaliza hilo. Mlango unafunguliwa mara moja, unabaki wazi, na pande zote mbili zinasema zinapokuwa na la kusema. Kwa mchezo kama wetu hiyo inamaanisha bando dogo. Hatutumi kijiji kizima kila mara; tunatuma kilichobadilika tu: nani amesogea, mlango upi umefunguka, maji yamefika wapi. Kijiji chenye watu kumi walioamka, saa nzima ya kucheza inakula chini ya megabaiti 5. Kuingia mara ya kwanza ni kama megabaiti 3, na baada ya hapo michoro inabaki kwenye simu mpaka uiondoe mwenyewe. Mdogo wangu ameteseka sana na hizo megabaiti 3. Mgomba mmoja ameuchora upya mpaka ukabaki na rangi sita, na bado ukiuona unajua ni mgomba wa ndizi za kupika na si wa ndizi mbivu. Nampongeza hapa hadharani.

Watu wanaojua michezo huniuliza kuhusu ucheleweshaji. Seva yetu iko Johannesburg. Ujumbe kutoka Moshi unashuka mpaka pwani, unaingia kwenye waya wa chini ya bahari, unafika Afrika Kusini, unarudi. Mwanga ndani ya nyuzi za kioo unakwenda takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo bahari yenyewe haituchelewesha sana. Kinachochelewesha ni mnara uliozidiwa na watu jioni, na kona zote ambazo ujumbe unapigishwa njiani. Halafu Mei 2024 nyaya za upande ule zilipokatika, nchi zetu nyingi za Afrika Mashariki zilikaa na intaneti ya kusuasua kwa siku kadhaa. Mchezo unaotegemea kidole cha haraka ungekufa siku hiyo.

Wa kwetu hautegemei haraka ya namna yoyote. Maji yakifunguliwa kwa jirani yanachukua kama dakika moja kukufikia, unayaona yanakuja, yanazunguka jiwe, yanazama kwenye udongo mkavu, yanaendelea. Ndani ya dakika hiyo sekunde moja au mbili za mtandao zinapotea bila mtu kuzihisi. Umeme ukikatika au simu ikiishiwa chaji, ulichofanya kinabaki kimeandikwa kwenye simu yako na kinapelekwa ukirudi hewani. Watu wawili wakigombania mlango mmoja, seva ndiyo msimamizi wa mfongo, na neno lake ni la mwisho. Mwenzangu alilitengeneza hili kwa ustadi ambao sijaona hata kwenye kazi kubwa tulizowahi kulipwa.

Ugomvi upo. Tungeweka mchezo wa majirani usio na ugomvi, ungekuwa uongo. Mtu anaweza kuiba maji: anafungua mlango nje ya zamu yake, usiku, wengine wamelala. Tulijadili sana kama tuzuie. Hatukuzuia. Anayeiba maji anaacha udongo wenye unyevu, na asubuhi kila mtu anaona. Kijiji kinaweza kumwekea kikao. Na aliyekosea ana njia ya kurudi, ambayo ni isale.

Isale ni lile jani refu la kijani tunalolipanda mipakani. Kwa Wachagga, mtu akikukosea kosa zito na akaja na isale lililofungwa fundo, amekuja kuomba msamaha, na kulikataa ni jambo kubwa kuliko kosa lenyewe. Kwenye mchezo wetu isale halinunuliwi. Unalikata kwenye mpaka wako mwenyewe, na mpaka una masale machache, na yanachukua muda kuota. Unalibeba kwa miguu mpaka kwa uliyemkosea, unapiga hodi, unangoja afungue. Huwezi kulituma kwa ujumbe. Tulipojaribu na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Ushirika, kijana mmoja alikaa mlangoni kwa mwenzake jioni nzima na isale mkononi, mwenzake yuko mtandaoni anamwona, hafungui. Saa 4 usiku akafungua. Waliokuwa kijijini wote walikuwa wamesogea karibu wakitazama, na hakuna aliyeandika neno. Nimefanya kazi ya kutengeneza tovuti za hoteli na za kampuni za kupandisha watalii mlimani kwa miaka mingi, na sijawahi kuona kitu nilichokitengeneza kikiwafanya watu wakae kimya namna ile.

Salamu zilitupa kazi. Mwanzoni mchezo ulikuwa unaamua wenyewe nani amwamkie nani, kwa kufuata aliyetangulia kuingia kijijini. Mama mmoja wa Soweto ya hapa Moshi, mtu mzima mwenye wajukuu, akaambiwa amwamkie mtoto wa kidato cha pili. Alinirudishia simu yangu kwa adabu sana. Sasa mchezo hauamui. Una shikamoo, una habari za saa hizi, una mambo, una shimboni ya Kichagga, unachagua mwenyewe kama unavyochagua barabarani, na anayeamkiwa anaitikia anavyoona inafaa. Lakini hodi ni lazima. Hakuna anayeingia kihamba cha mtu bila kubisha na kusikia karibu, hata kama ni ndugu yake wa tumbo moja.

Hodi hiyo ndiyo pia ulinzi wetu wa watoto. Hatuna mahali pa kukutanisha wageni wasiojuana. Kuingia kijijini lazima uwe na kiungo kutoka kwa mwanakijiji, na wakazi wawili wakukaribishe. Club Penguin, ule mchezo wa watoto uliotoka Kanada mwaka 2005 na kufungwa Machi 2017, ulikuwa na namna ambayo mtoto anachagua sentensi zilizoandikwa tayari badala ya kuandika zake, na sisi tumeweka namna hiyo kwa mzazi anayeitaka. Namba ya simu hatuombi. Barua pepe hatuombi. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na nimeisoma yote kwa sababu inatuhusu. Ila hata isingekuwepo, sioni kijiji kina haja gani na namba yako. Ukiingia unapewa maneno manne ya kuyaandika kwenye daftari, kwa mfano sufuria, radi, mchicha, kengele. Simu ikipotea, maneno hayo yanakurudishia kihamba chako kwenye simu nyingine yoyote.

Juu ya hela tulibishana, mimi na mwenzangu, mpaka mdogo wangu akawa anatoka chumbani. Mwenzangu ana haki: seva inalipiwa kila mwezi kwa dola, na dola haituonei huruma. Wazo lake lilikuwa mtu aweze kulipia zamu ya ziada ya maji, hela ndogo tu, kwa simu. Nikamwambia siku tutakayouza maji, aliye Uholanzi atamwagilia kila siku na shangazi wa Mwanza atakuwa anatazama udongo wake unapasuka, na watarudi kwenye grupu wakiwa hawasemezani. Alinyamaza siku mbili. Akaja na wazo bora kuliko langu: mfuko wa kijiji. Kijiji kinachangia pamoja, kwa M-Pesa au mtandao wowote, anayeweza anatoa na asiyeweza hatoi, na kiasi alichotoa kila mmoja hakionekani kwa mtu. Mfuko ukijaa, kijiji kinapata kitu cha wote: daraja, bwawa la kulaza maji usiku kama yale ambayo Wapare huyaita ndiva, kengele ya kuitia msaragambo. Maji yenyewe hayana bei, na hayatakuwa nayo.

Saa ya mchezo ni saa ya Moshi. Jua linatua mle linapotua hapa. Kibo, kilele cha mlima, inaonekana asubuhi na mapema, mchana mawingu yanaifunika, jioni inatoka tena, siku nyingine haitoki kabisa. Mwenzangu alidhani hakuna atakayejali. Sasa binamu yangu wa Uholanzi, ambaye Desemba saa yake iko nyuma ya yetu kwa saa mbili, huamka huko kwao giza halijaisha ili aukute mlima kabla haujafunikwa. Hamwagilii wala haongei. Anafungua tu kivinjari, anasimama kwenye kihamba chake, ananikuta nazibua mfongo, ananiandikia shimboni, nami namwitikia.

Sasa lile la Glitch. Mchezo huu utafungwa siku moja. Sisi ni watu watatu, mmoja wetu ataolewa, mwingine atapata kazi Nairobi, seva itashindikana. Nimeona michezo mingi ikifungwa kwa tangazo la aya mbili, na watu wakapoteza vitu walivyovitunza kwa miaka. Kwa hiyo tumeweka tangu sasa kitufe cha kuchukua kijiji chenu. Mnapata faili moja lenye vihamba vyote, mifongo, majina, na kumbukumbu za nani alimfungulia nani maji, na linafunguka kwenye kivinjari chochote bila seva yetu. Hamtaweza kucheza pamoja humo, ila mtaweza kutembea. Na siku tukifunga tutaachia msimbo wa seva pamoja na michoro yote, mwenye kuweza auwashe tena kwake. Tumeliandika hilo kwenye ukurasa wa masharti, kwa Kiswahili cha kawaida, ili mtu aweze kutushika nalo.

Vilivyobaki kabla ya Desemba ni mvua za masika, ambazo kwa sasa zinajaza mfongo lakini hazibomoi kingo kama inavyotakiwa, na simu za zamani zenye kumbukumbu ya gigabaiti 1, ambazo zinasitasita watu wakizidi kumi na tano kwenye msaragambo. Pia nahitaji wazee. Sheria tulizoweka ni za Kibosho, na nimeshaambiwa na watu wa Machame na wa Rombo kwamba kwao zamu na faini zilikwenda tofauti. Ningependa kila kijiji kichague za kwao. Kama babu au bibi yako anajua mfongo wa kwenu ulivyoendeshwa, na yuko tayari kukaa nami saa moja, nitamfuata popote Kilimanjaro, nauli juu yangu, sukari na majani ya chai pia. Majaribio ya wazi ni Novemba. Kijiji cha kwanza kina nafasi 30, na 11 zimeshachukuliwa na ukoo wetu.